Mwanamume Hana Kwao

Tangu habari ya safari ivuje, chumba cha Kouraichia kiligeuka soko. Wanawake wa mtaa wa Tsaramandroso walikuwa wakiingia bila hodi, wakikaa kitandani na kupekua sanduku, kila mmoja akitaka kujua nguo hii itafanya kazi gani baharini. Na kama ilivyo kawaida ya dunia, ambaye hajawahi kupanda hata mtumbwi ndiye aliyekuwa na ushauri mwingi. Huyu alisema melini kuna baridi ya kugandisha mate, achukue sweta. Yule akaapa kwamba melini ni joto tupu, sweta ataiva nayo. Kouraichia akaitia sweta, akaitoa, akaitia tena.

"Sweta ya nini, na mume unaye?" alidakia Sittou, shoga yake wa tangu utotoni, aliyekuwa amepiga magoti akimpindia gauni jipya na pini zimemjaa mdomoni. "Baridi ikija, jisogeze. Tena huko hakuna mama wa kukohoa nyuma ya ukuta."

Nyuma ya ukuta, Mama Zaïtoun alikohoa.

Chumba kizima kikaangua kicheko. Kouraichia alicheka mpaka machozi yakamtoka, akajifunika uso kwa lamba, ile shuka aliyojitanda. Hakujua kwamba atakuja kukikumbuka kicheko kile na kukionea wivu.

Safari yenyewe ilikuwa jambo geni Mahajanga nzima. Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru, na meli ambayo mumewe Soudjay alikuwa mpishi wake ilikuwa imezoea kubeba mchele, ng'ombe na magunia. Sasa wenye meli walikuwa wamepata wazo jipya: kuipaka rangi, kutandika viti vya kitambaa juu ya sitaha, na kuwazungusha watu visiwani kwa starehe tu. Nosy Be kwanza, kisha Maore, Nzwani na Ngazidja, halafu kurudi. Abiria wengi walikuwa watu wenye nafasi zao. Lakini wapishi wa zamani waliambiwa wanaweza kuchukua wake zao, wakae chumba cha chini karibu na jiko.

"Safari ya starehe!" Mama Zaïtoun alikuwa akisema kila alipopita mlangoni. "Babu yako alipanda chombo kwa njaa akaja huku. Wewe unapanda kwa shibe. Haya. Kuishi kwingi ni kuona mengi."

Alisema hivyo kwa mzaha, lakini mzaha wake ulikuwa na mwiba ndani. Alikuwa mjane, na katika watoto aliowazaa, aliyebaki ni Kouraichia peke yake. Na kwa watu wa asili ya Ngazidja, nyumba ni ya mwanamke. Hujengewa na baba yake na wajomba zake, huolewa humo, huzaa humo, na mume ndiye anayekuja na sanduku lake. Mambo yakiharibika, mume ndiye anayeondoka nalo. Ndiyo maana katika ukoo wa Zaïtoun hakuna mwanamke aliyewahi kufunga sanduku, na Kouraichia alilazimika kuchanganya nguo zake na za mumewe katika lile moja lililokuwamo ndani.

Jioni Soudjay alikuja na viatu. Vilikuwa vya turubai, vyeupe, vyenye soli ya mpira ili mkewe asiteleze juu ya sitaha. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa macho kabla ya mdomo. Alimkalisha Kouraichia kwenye kigoda, akapiga goti mbele yake, akamvisha kiatu cha kwanza na kuanza kumfunga kamba polepole, kana kwamba ile ndiyo kazi aliyoajiriwa. Kouraichia alimtazama utosini. Miaka minne ya ndoa, na bado mikono ile ikimgusa kifundo cha mguu alisahau alichokuwa akitaka kusema.

"Meli itatia nanga Nosy Be kwa siku mbili," Soudjay alisema. "Wageni watapelekwa kuona mashamba ya maua ya langilangi. Sisi tutashuka."

"Tutalala wapi?"

"Kwetu."

"Andoany, mjini?"

"Si mjini. Mbele zaidi, ufukwe wa upande wa kisiwa cha Sakatia. Utaamka asubuhi ukione kisiwa kile hapa, mbele ya pua yako. Ukitaka kukisalimia, utakisalimia." Alicheka. Kisha ghafla akanyamaza, kama mtu aliyekanyaga mahali asipopaswa, akainamia tena kamba za kiatu.

Mama Zaïtoun alikuwa akipakua wali. Upawa ulisimama hewani. Hakusema neno mpaka mkwewe alipotoka kwenda msikitini.

"Kwao ni wapi?"

"Nosy Be, mama. Si unajua?"

"Nosy Be ni kisiwa. Mimi nauliza nyumba." Alikuja akakaa mbele ya binti yake. "Mama yake alikufa. Dada hana. Nyumba ya mama yake wameichukua mabinti wa mama mdogo, wamo humo na waume zao. Mwanamume hana kwao, mwanangu. Akiwa mdogo ana kwa mama yake, akikua ana kwa mkewe. Huyu wako kwa mama hana. Basi hiyo nyumba ya upande wa Sakatia ni ya nani?"

Kouraichia alibaki na kiatu mguu mmoja.

"Labda amepanga chumba."

"Mtu husema 'kwetu' mahali pa kupanga?"

 Na wewe msomaji, kama umelelewa katika nyumba za watu hawa, unajua kwamba hapakuwa na jibu. Mabaharia wa huko walijulikana. Mke Mahajanga, mke Andoany, kila mmoja nyumbani kwake, na bahari katikati ikitunza siri. Mradi kila mke anakaa kwake, hakuna anayemwona mwenzake na hakuna aibu.

Angeuliza usiku uleule, pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini maswali mengine ukishayatoa huwezi kuyarudisha mdomoni, na Kouraichia alimpenda mumewe kupita kiasi. Badala ya kuuliza, alianza kukumbuka. Alikumbuka kwamba mwaka mzima uliopita, kila meli ilipopita Nosy Be, Soudjay alikuwa akichelewa kurudi, akingojea chombo cha nyuma. Alikumbuka viganja vyake vilivyotoka malengelenge, naye akasema ni masufuria. Masufuria yaleyale aliyoyashika miaka yote bila malengelenge! Kila alilolikumbuka lilikuwa na mahali pa kukaa katika hadithi ya mama yake.

Siku zilizofuata Soudjay alishinda bandarini akipanga vyakula vya safari. Kouraichia aliendelea kujiandaa, maana wanawake bado walikuja, na angeacha wangeuliza. Alianika tangawizi ya kuzuia kichefuchefu. Alikata ndimu, akatengeneza achari. Alisaga msindzano juu ya jiwe, ule unga wa msandali wa kupaka usoni jua lisimuunguze baharini, na machozi yakadondokea palepale, akayasaga humohumo. Sittou alimwona.

"Unalia nini, bibi harusi wa meli?"

"Msandali umenirukia jichoni."

"Umekurukia yote mawili?"

Kouraichia aliinamia jiwe, na Sittou, ambaye domo lake lilijulikana mpaka sokoni, kwa mara ya kwanza alifunga mdomo. Alimalizia pindo la gauni akaenda zake.

Mama Zaïtoun naye hakukaa bure. Alikuwa na mtoto wa kaka yake, Fahardine, mnunuzi wa vanila aliyekuwa akienda Nosy Be mara kwa mara. Alimwita faraghani, akamwambia atakapofika huko avuke mpaka upande wa Sakatia, aitafute nyumba ya Soudjay mpishi, aone inakaliwa na nani.

Fahardine alirudi Ijumaa. Alisimama mlangoni na vumbi lake, hakuingia hata ndani, kwa kuwa lori la Marovoay lilikuwa likimngojea barabarani. Kouraichia alikuwa uani. Alisikia sauti mbili, ya binamu yake iliyochangamka na ya mama yake iliyo chini, lakini maneno hayakumfikia. Alipofika mbele, lori lilikuwa limekwisha ondoka. Mama yake alikuwa ameegemea nguzo ya mlango, ameshika shingo yake kwa mkono mmoja.

"Amesema nini, mama?"

"Nyumba ipo."

"Ipo?"

"Ipo, mwanangu. Ameiona kwa macho yake."

"Na ndani yuko nani?"

 Mama Zaïtoun akasema sala inampita, akachukua kibuyu cha maji na kwenda kutawadha. Kouraichia alijua kwamba mama yake hakuwa mtu wa kunyamaza kwa jambo jema. Jambo jema angelitangaza mpaka mtaa wa pili. Akaingia chumbani, akajilaza kando ya sanduku lililo wazi, akauma mto.

Siku ya kuondoka ilikuwa Jumapili, na meli ingeng'oa nanga alasiri. Soudjay alikuja adhuhuri kumchukua mkewe. Alikuwa amevaa shati jeupe la kazini lililopigwa pasi, na nje aliacha kigari cha kuvutwa, pusipusi kama wanavyokiita Mahajanga, chenye mkokotaji aliyekwisha lipwa. Aliingia akiimba. Alimkuta Kouraichia amekaa kitandani, amevaa nguo za jikoni.

"Koura! Bado? Mashua za kutupeleka melini haziwezi kungoja watu wa chini. Wageni watapanda, sisi tutaachwa."

"Siendi."

Alidhani ni utani. Alifungua dirisha ili mwanga uingie, akamwona uso, akajua si utani.

"Unaumwa?"

"Ile nyumba ya upande wa Sakatia ni ya nani, Soudjay?"

Tazama jinsi mambo yalivyo. Uso wa Soudjay ulichanua. Alikaa kando yake, akamshika mkono, akacheka kama mtu aliyekamatwa ameficha zawadi nyuma ya mgongo.

"Nani kakwambia? Ah, ni ulimi wangu siku ile. Nilijua nimenaswa. Koura, nilitaka uione kwanza ukiwa baharini. Nilikwisha zungumza na nahodha, tukikaribia nikutoe juu ya sitaha nikuonyeshe kwa kidole. Ni yako."

"Yangu."

"Yako. Nimeijenga kwa mikono yangu. Mwaka mzima."

Kama angesema ni ya mke mwingine, Kouraichia angelia tu. Lakini neno hili lilimchoma vibaya zaidi, kwa sababu lilikuwa uongo wa kipumbavu, uongo ambao hata mtoto asingeukubali. Alivuta mkono wake.

"Wanaume wa kwetu hawajengei wake zao nyumba."

"Mimi nimejenga."

"Kwa nini? Hii je? Baba yangu alikufa akiipaka chokaa. Wajomba zangu wameezeka. Umewahi kunyeshewa humu?"

"Sijanyeshewa."

"Basi?"

 Soudjay akasema kitu ambacho pengine alikuwa amekimeza tangu siku ya harusi.

"Nimechoka kuwa mgeni, Koura. Naingia humu nabisha hodi. Nikitaka kupigilia msumari nauliza. Sanduku langu liko chini ya kitanda miaka minne, na kila anayefagia analiona, anajua nikikosea hilo ndilo la kuondoka nalo. Nimetaka mahali ambapo sisi wawili tutaingia pamoja, hakuna aliyemtangulia mwenzake. Ni kosa?"

Pazia la mlangoni lilitikisika. Mama Zaïtoun alikuwa amesimama upande wa pili.

"Kumbe umetufanya walinzi wa gereza," alisema.

"La, mama. Sikusema hivyo." Soudjay aliinuka kwa heshima. "Mama, wewe umekuwa mama yangu. Lakini nasikia ulimtuma Fahardine. Wapishi wenzangu walimwona kule ufukweni. Hebu mwambie Koura. Fahardine aliona nini?"

"Aliona nyumba."

"Na aliambiwa ni ya nani?"

Mama Zaïtoun alikunja ncha ya lamba lake, akaikunjua.

"Mimi sikuwapo," alisema. "Siwezi kushuhudia nisiloliona."

"Mama!"

"Nimesema sikuwapo."

Soudjay alimgeukia mkewe. Macho yake hayakuwa yakicheka tena.

"Twende basi. Usiniamini mimi, usimwamini mtu. Vaa gauni lako, panda, ukaone kwa macho yako. Ukikuta mwanamke ndani, nitupie bahari nzima usoni."

"Na nikimkuta? Nitasimama mlangoni kwake na viatu vyangu vyeupe? Andoany yote itoke kutazama mke wa Mahajanga aliyemfuata mume mpaka kwa mke mwenziwe? Nitarudi kwa uso gani, Soudjay? Hata mwanamke mwenyewe atanionea huruma."

"Hakuna mwanamke."

"Mama amenyamaza. Unamjua mama. Unafikiri angenyamaza bure?"

"Nimekupa neno langu," Soudjay alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Mke wangu analiacha neno langu, anashika kimya cha mama yake."

Nje, mkokotaji wa pusipusi aliita kwa Kimalagasi kwamba jua linakwenda. 

 Kouraichia alimpenda mtu yule kiasi kwamba wakati uleule alitaka kumwangukia kifuani, na kwa sababu hiyohiyo mdomo wake ukafanya kinyume. Wapo watu ambao wakiogopa kupokonywa kitu hukitupa wenyewe.

"Basi niache," alisema.

"Usiseme hivyo."

"Niache. Nenda kwenu. Unapo mahali pa kwenda, si umejenga? Niache nikae kwetu."

"Koura, maji yakimwagika hayazoleki."

"Niache, Soudjay!"

Soudjay alimtazama Mama Zaïtoun. Alimtazama kwa muda, akimwomba kwa macho, na ukweli ni kwamba kama mama yule angefungua mdomo dakika ile kwa neno moja tu, hadithi hii isingeandikwa. Mama Zaïtoun aliangalia sakafu.

"Umeitaka," Soudjay alisema. "Nimekuacha. Talaka moja."

 Kisha ikaja kazi ndogo ambayo ilikuwa mbaya kuliko yote. Sanduku lilikuwa moja, na nguo za wawili zilikuwa zimelala ndani pamoja. Walipiga magoti huku na huku, wakaanza kutenganisha. Soudjay alitoa gauni jipya, akalikunja vizuri, akamwekea kitandani. Alitoa lamba. Alitoa sweta, akauliza kama ni yake au ya Sittou. Kouraichia akasema ni yake. Kila mmoja akijihadhari mkono usimguse mwenzake, kwa kuwa sasa haukuwa mkono wake tena. Chini kabisa walikuta shati la Soudjay limeingia mkono wake ndani ya mkono wa blauzi ya Kouraichia, kwa jinsi zilivyokuwa zimeshindiliwa. Hawakulitenganisha. Soudjay alifunga sanduku, blauzi ikabaki humohumo.

"Nitateremka Andoany," alisema mlangoni, bila kugeuka. "Sitarudi na meli. Mama, nisamehe nilipokukosea."

"Tusameheane," Mama Zaïtoun alijibu.

Alasiri honi ya meli ilisikika Tsaramandroso yote. Wanawake waliokuwa wamekaa barazani kungoja kumuaga Kouraichia walitazamana, mmoja mmoja wakajikusanya wakaondoka. Sittou peke yake aliingia. Alimkuta shoga yake amelala uso ukutani. Alijilaza nyuma yake, akamkumbatia.

Kesho yake asubuhi Fahardine alirudi kutoka Marovoay. Aliingia akipiga kelele kama kawaida yake, amebeba jogoo miguu juu, akasimama ghafla alipomwona Kouraichia ukumbini amevaa nguo za eda.

"Wewe! Hukupanda?"

"Sikupanda."

"Kwa nini? Shangazi, amekuwaje huyu? Nilidhani muda huu yuko Andoany anahesabu milango yake." Alimweka jogoo chini. "Nani kafa?"

"Milango gani?" Kouraichia aliuliza.

"Ya nyumba yako! Shangazi hakukwambia? Nilimweleza Ijumaa, palepale mlangoni. Nimefika kule, namuuliza fundi, nyumba ya nani? Ananijibu, ya Kouraichia, mke wa Soudjay, yuko Mahajanga, anakuja na meli. Ufukwe mzima wanaiita hivyo, kwa Kouraichia. Mumeo amejenga kwa mikono yake, mtu wa masufuria! Ukuta mmoja umepinda, sikufichi, lakini..."

Alisita. Aliona kwamba hakuna anayemsikiliza. Kouraichia alikuwa amegeuka, anamtazama mama yake.

"Ulijua."

Mama Zaïtoun alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mlangoni. Hakukataa.

"Nilijua tangu Ijumaa."

"Ulisimama pale ukamsikia akiniapia. Ulijua."

"Nilijua."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu angekuwa na mke huko, ungelia mwezi mmoja, ukapona, ukakaa." Mama Zaïtoun alizungumza taratibu, akiitazama mikono yake. "Lakini mwanamke haondoki kwake. Ungefika, ungeona ni kwako, usingerudi. Mimi ningebaki na nyumba isiyo na mwanamke wa kuirithi, nikisikia honi za meli. Nilitaka uikose safari tu. Wallahi, safari tu. Sikujua kama utadai talaka. Lilipotoka lile neno, niliona haya kusema kwamba nilikuwa nimejua. Nikasema moyoni, nitasema sasa hivi. Nikasema tena, sasa hivi. Naye akafunga sanduku."

Kouraichia hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. Alikuwa ndani ya eda, ya kukaa ndani ya kuta zile asitoke. Talaka ilikuwa moja, na kabla eda haijakwisha mume angeweza kumrejea mkewe kwa neno tu. Lakini neno lenyewe lilipaswa kutoka katika kinywa chake, na kinywa hicho kilikuwa baharini, kimekwisha sema sitarudi.

"Lakini shangazi," Fahardine alisema kwa unyonge, kama mtu anayetaka kutuliza maji aliyoyachafua mwenyewe, "ungebaki vipi? Si na wewe ungekwenda?"

"Niende wapi?"

"Chumbani kwako."

"Chumba gani?"

"Haa, hukuningoja nimalize Ijumaa, nawe ulinisukuma niwahi lori. Kuna chumba cha chini, cha peke yake, bado kuezekwa. Nikamuuliza fundi, hiki nacho cha nini? Akasema Soudjay amekataza kisiwe na ngazi hata moja, kwa kuwa ni cha mama mkwe, na magoti yake hayapandi."

Jogoo alijikung'uta mabawa sakafuni. Mama Zaïtoun aliweka viganja vyake juu ya magoti, akayashika, kana kwamba ndiyo kwanza ajue anayo.

"Nenda bandarini," alisema.

"Meli iliondoka jana, shangazi."

"Nenda hivyo hivyo. Tafuta chombo chochote kinachokwenda Nosy Be. Cha mchele, cha ng'ombe, chochote. Umkute Andoany, umwambie..."

Mwanamke yule aliyekuwa na neno la kumjibu kila mtu Tsaramandroso alitafuta neno la kumpelekea mkwewe, akalikosa. Alimtazama binti yake ili amsaidie. Kouraichia alikuwa amegeuzia uso ukutani.

"Mwambie mama anauliza chumba chake kitaezekwa lini," Mama Zaïtoun alisema mwishowe.

Fahardine alitoka mbio. Mama Zaïtoun alibaki kwenye kigoda, akingoja Kouraichia ageuke, na Kouraichia hakugeuka.